Msimu wa Solberg na Chumba cha Lavonne

Mesa, Arizona
10 Novemba 2008

Mdogo wangu Verlyn,

Naomba barua hii ikukute jikoni karibu na jiko, soksi mbili mbili miguuni, ukiwaambia watu kwamba baridi bado haijaanza. Huku jua halina adabu. Ni Novemba na watu wanaogelea. Mwanangu Karla na mumewe hawajambo, wanakusalimu mjomba wao. Mimi goti linanisumbua lakini tunakwenda nalo hivyo hivyo. Wifi yangu Lavonne anaendeleaje? Anakula? Bado anamuulizia mama yake?

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mchungaji Nordlie amenipigia simu, maana ya kwako haipokelewi. Anasema kimepatikana chumba Nyumba ya Betheli, ile ya kutunzia wazee, upande wa jua, na amewabembeleza wamshikie Lavonne mpaka mwisho wa Januari. Baada ya hapo kinakwenda kwa mwingine, na kingine hakijulikani lini. Anasema alikueleza mlangoni mwa kanisa, nawe ukamjibu habari za mvua. Verlyn, huu ni mwaka wa tatu unamlea peke yako mtu ambaye akili imemtoka na hana wa kumsaidia ila wewe. Hamkujaaliwa watoto. Nataka neno moja tu kutoka kwako, ndiyo au hapana.

Najua msimu unaanza na hutasikia kitu mpaka nitaje mpira wa kikapu. Haya. Sisi wa chuo cha Lindal mwaka huu tumepata kijana mrefu kutoka Wisconsin, akipita mlangoni anainama. Nyie wa chuo cha Solberg bado mna yule kocha anayetafuna taulo? Poleni mapema.

Dada yako,
Arlys


Solberg, Iowa
24 Novemba 2008

Dada Arlys,

Barua nimeipata, ahsante. Huku tupo, Mungu anasaidia. Theluji imeanguka mara mbili ikayeyuka. Mahindi ya watu wote yameshavunwa, isipokuwa ya yule mvivu wa ng'ambo ya barabara. Lavonne anakusalimu.

Sasa sikiliza. Mechi ya kwanza tulifungwa ugenini, na sitaki kuizungumzia, refa alikuwa kipofu wa macho yote mawili. Lakini Jumamosi Kensett walikuja hapa nyumbani. Dada, tumewapiga 68 kwa 57! Vijana wetu walivyotoka na jezi zao nyeupe zinang'aa, nilijua tu kwamba leo kuna mtu atalia. Tuna mlinzi mfupi, Tollefson, mtoto wa fundi matrekta. Anadundisha mpira chini kabisa kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka, na ukija kuunyang'anya ameshapita. Katika kipindi cha pili alitupa mara tatu kutoka mbali, zote ndani. Kocha alilitafuna taulo mpaka nikalionea huruma.

Mito yetu ya kukalia iko pale pale, wangu na wa Lavonne, safu ya nne karibu na ngazi. Unajua mambo ya hapa: usipoweka mto wako siku ya mechi ya kwanza ya nyumbani, umepoteza nafasi mpaka mwakani, hata kama babu yako ndiye aliyepigilia misumari ya benchi.

Nasikia nyie mmewafunga watoto wa kile chuo cha Biblia kwa pointi arobaini. Hongereni. Kesho tafuteni shule ya chekechea.

Basi ni hayo tu.

Verlyn


Mesa, Arizona
6 Desemba 2008

Mdogo wangu Verlyn,

Salamu zako zimefika. Samahani kwa kuchelewa, barua yako ilikaa mahali kabla haijanifikia. Sisi wazima. Sikukuu ya Shukrani, ile ya bata mzinga, Karla aliniletea sahani yangu, nikala nikashiba.

Nakupongeza kwa Kensett. Lakini nina habari zangu. Unamkumbuka Marvel, niliyekaa naye bweni moja Lindal? Mpwa wake ndiye kocha wa Kensett. Marvel amenipigia simu akicheka mpaka anakohoa. Kijana wa watu alifika Solberg, akafungua mfuko wa jezi, akakuta kabeba nyeupe peke yake. Mgeni kaja na nyeupe, rangi ya mwenyeji! Ikabidi nyie wenyeji mvae zile nyekundu za safari, ndani ya ukumbi wenu wenyewe. Anasema kina mama wanaouza pai waliwashangilia Kensett dakika tano nzima kwa mazoea, mpaka mmoja akauliza, "Jamani, mbona Tollefson anatufunga sisi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kila aliyekuwepo siku hiyo anaanza na kisa hicho, matokeo baadaye. Wewe umeniandikia jezi nyeupe zinang'aa. Njia ya mwongo ni fupi, Verlyn. Hukuwepo.

Sikukasirikii. Nauliza tu, tangu lini hutoki? Nani ananunua chakula? Unalala? Halafu kuna swali langu la Novemba. Nilisema neno moja, nawe ukanipa kurasa mbili za mpira. Januari haiko mbali.

Arlys


Solberg, Iowa
17 Desemba 2008

Dada,

Haya, umenishika. Sikuwepo. Mito aliipeleka Ione, jirani yetu, nilimwomba aiweke ili nafasi isichukuliwe. Mimi nasikiliza kwenye redio. Mtangazaji huenda alilisema hilo la jezi mwanzoni, lakini mwanzoni mimi nilikuwa bafuni na Lavonne. Siku hizi anayaogopa maji, anadhani nataka kumzamisha. Ananipiga. Ana nguvu ajabu. Nilipofika redioni tulikuwa 12 kwa 9, nami kichwani mwangu niliwavisha nyeupe, kama miaka yote.

Umeuliza tangu lini. Tangu Machi. Mechi ya mwisho niliyompeleka alisimama katikati ya wimbo wa taifa akaanza kuvua blauzi. Watu wetu ni waungwana, wote waliangalia bendera. Ione alimfunika na koti lake. Tangu hapo sijatoka, ila dukani na kanisani, na huko nakwenda Ione akikaa naye.

Unauliza kama nalala. Ulale wewe. Mimi naamka naye, nakaa naye, nafunga mlango, naficha funguo, halafu nasahau nimezificha wapi, tunakuwa wawili. Jana aliniuliza kwa adabu kabisa, "Samahani bwana, wewe hapa umeajiriwa na nani?" Nikamwambia na mwenye nyumba. Akasema, "Basi mwambie akupe likizo." Nimecheka peke yangu jikoni, halafu nikalia, halafu nikaosha vyombo.

Kuhusu chumba. Nilimwahidi mbele ya watu, katika shida na raha. Sikumwambia mpaka nitakapochoka. Na wewe ni rahisi kusema, dada yangu. Umekaa kwa binti yako juani, unaletewa kahawa, wajukuu wanapita miguuni. Yeyote anaweza kumpeleka mke wa mwenzake Betheli akiwa Arizona.

Kwa taarifa yako, Kensett wamewafunga nyie Lindal kwa nne. Sisi tuliwafunga Kensett kwa kumi na moja. Piga hesabu: tumewazidi kumi na tano hata kabla hatujakutana. Yule mrefu wenu aendelee tu kuinama.

Krismasi njema.

Verlyn


Solberg, Iowa
29 Desemba 2008

Dada Arlys,

Sijapata kitu kutoka kwako. Hata kadi. Miaka yote kadi yako ndiyo ya kwanza kufika. Kama nimekuudhi, niudhi na wewe tumalizane.

Huku Krismasi ilipita. Ione alituletea mikate ya viazi na samaki. Kesho yake baada ya chakula cha mchana nilikaa kwenye kiti kuvua viatu, nikasinzia na kiatu kimoja mkononi. Nilipoamka mlango uko wazi, theluji inaingia mpaka kwenye zulia. Lavonne hayupo. Arlys, nimekimbia barabarani na kiatu kimoja, mzee wa miaka sabini na nne, naita jina la mke wangu kama nimepoteza mbwa. Alikuwa kwenye zizi la Ione, amekaa kwenye nyasi kavu katikati ya ndama, na gauni la nyumbani tu. Alisema anamsubiri mama yake aje wamalize kukamua. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa baridi. Daktari amesema vitapona.

Ione si mtu wa maneno mengi, unamjua. Alisimama pale na jembe la samadi akasema, "Verlyn, nikimkuta tena hivi, nampeleka Betheli mwenyewe, hata ukinishtaki."

Nikamwambia, "Na mimi nipeleke."

Akasema, "Wewe hujaalikwa." Halafu akanishika mkono mpaka nyumbani.

Nimechoka, dada. Sijawahi kulisema neno hilo mbele ya mtu. Nimechoka mpaka meno yananiuma.

Solberg hawachezi mpaka mwaka mpya. Hata wangecheza, nisingesikiliza.

Verlyn


Mesa, Arizona
7 Januari 2009

Verlyn mdogo wangu,

Barua zako mbili nimezipata siku moja, jana, na sasa itabidi nikueleze kwa nini.

Siishi kwa Karla. Tangu Agosti niko kwenye nyumba ya wazee, mwendo wa nusu saa kutoka kwao. Nilianguka, si goti tu, ni nyonga. Karla anafanya kazi, mumewe anafanya kazi, ngazi zao nyingi. Barua zako zinakwenda kwake, ananiletea akipata nafasi. Tangu mwanzo wa Desemba hakupata. Kadi yako niliiandika, nikampa aitie posta, naona bado iko kwenye mkoba wake.

Sikutaka ujue. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyekuwa nakuvuta kwenye kisleji, kile kigari cha kuteleza kwenye theluji, kwenda shule, nawe unapiga kelele "Kimbia, farasi!" Nilisema nikikuambia nawe utakata tamaa. Mficha maradhi, kilio humfichua, ndiyo hayo sasa.

Umesema ni rahisi kwangu. Basi nikueleze rahisi yenyewe ilivyo. Mboga zinapikwa mpaka zinasahau zilikuwa mboga gani. Jirani yangu anaimba. Jumapili nakaa nimevaa vizuri tangu asubuhi, na Jumapili nyingi navua nguo zile zile bila kuonwa na mtu. Sikudanganyi kwamba ni pazuri. Lakini nikianguka wanakuja. Nikiamka mtu ameamka kabla yangu. Na Karla akija, anakuja kama binti, ananichana nywele tunasengenya watu. Miezi ile ya mwisho nyumbani kwake alikuwa akiingia chumbani kwangu kama mtu anayeingia zamu. Nilimwona uso wake. Mwenye macho haambiwi tazama. Ni mimi niliyemwambia anipeleke, yeye alilia.

Lavonne hawezi kukuambia hivyo. Kwa hiyo nakuambia mimi badala yake. Chumba ni mpaka mwisho wa mwezi. Sikuombi tena neno moja, andika maneno yoyote unayotaka.

Kensett walitufunga kwa bahati. Yule mrefu alikuwa na mafua.

Arlys


Solberg, Iowa
19 Januari 2009

Dada yangu,

Pole. Pole sana. Sijui niandike nini kuhusu mambo yako, naona aibu kwa ile kahawa niliyokusingizia. Nyonga, na wewe unaniambia goti! Kumbe ukoo mzima ni waongo.

Nimemwambia Mchungaji ndiyo. Alhamisi tulimpeleka. Nilimfungia sanduku, blauzi zake, picha ya mama yake, brashi. Ione aliendesha gari. Njiani Lavonne alifurahi, alifikiri tunakwenda kwenye harusi, akauliza kama bibi harusi ni mtu wa dini yetu. Pale Betheli muuguzi mmoja, kijana mwenye mikono mikubwa, alimwambia, "Karibu, mama, tumekuwa tukikusubiri." Akamshika mkono wakaondoka kwenye korido. Hakugeuka. Mimi nilibaki nimeshika koti lake.

Wameniambia nisiende kwa wiki mbili, azoee. Nimerudi nyumbani. Nilifunga mlango kwa funguo na komeo, kisha nikasimama nikijiuliza namfungia nani. Nilidhani nitalala siku tatu mfululizo. Silali. Nakaa nasikiliza nyayo ambazo hazipo. Nikipika naweka sahani mbili. Hata redio sijaiwasha, Solberg wamecheza Jumamosi na sijui nani alishinda.

Nimevunja ahadi, Arlys. Unaweza kunieleza kwa namna yoyote, lakini ndivyo ilivyo.

Verlyn


Mesa, Arizona
24 Januari 2009

Verlyn,

Mlifungwa. 71 kwa 70, na Tollefson alikosa mtupo huru wa mwisho. Ona nimefika wapi, mtu wa Lindal namtumia mtu wa Solberg matokeo ya Solberg. Kuna mfanyakazi hapa ananitazamia kwenye kompyuta.

Jumamosi ijayo tunakuja kwenu. Sijawahi kukuamuru kitu tangu tumekuwa watu wazima, lakini sasa nakuamuru. Nenda. Kaa kwenye mto wako. Ukiniandikia jezi za rangi gani zilivaliwa, nitahakikisha kwa Marvel.

Arlys


Solberg, Iowa
2 Februari 2009

Dada Arlys,

Natumaini nyonga inakwenda vizuri na yule jirani amebadilisha wimbo. Simu nimeichomeka tena ukutani. Jumapili hii baada ya kanisa nitakupigia, na Jumapili zote zitakazofuata, kwa hiyo ukivaa vizuri, kaa karibu na simu. Utapaza sauti, sikio langu la kushoto limekufa.

Sasa mechi. Nyeupe sisi, kijani nyie, kamuulize Marvel. Nilifika mapema nikakuta mito yote miwili imekung'utwa vumbi. Watu walinipisha, mzee mmoja akanisukumia bisi. Nikakaa nimejikunja kama mgeni. Halafu yule mrefu wenu akamkanyaga Tollefson mchana kweupe, refa akatazama dari, na mimi nikajikuta nimesimama.

"Wewe refa! Mkeo anajua umetoka bila miwani?"

Mwanamke wa Lindal nyuma yangu akasema, "Kaa chini, babu, utavunja kiuno."

"Kiuno changu kimeanza kuwafunga nyie kabla mama yako hajazaliwa!"

"Ndiyo maana hakisogei!"

Basi tukaendelea hivyo mpaka mwisho, yeye na mimi, jina lake sijui mpaka sasa. Tulikuwa nyuma kwa tisa. Tukasawazisha. Yule mrefu ni mzuri, nakubali, asiyekubali kushindwa si mshindani. Mmetufunga 66 kwa 63. Sauti ilinikauka. Nilitoka nje kwenye theluji jasho linanitoka, nacheka na watu, nikasikia mtu ananiuliza, "Lavonne hajambo?"

Arlys, nilikuwa sijamkumbuka. Tangu mpira uliporushwa juu mpaka saa ile, hata mara moja. Mto wake ulikuwa ubavuni mwangu na nilikuwa nimeuwekea bisi. Nilifurahi, ndugu yangu. Nilikuwa nimefurahi kabisa, na mke wangu yuko Betheli. Nilikwenda nyumbani nikiwa najichukia.

Jana ndiyo waliniruhusu kwenda kumwona. Nilikwenda nimejiandaa. Nilisema nikimkuta analia, nikimkuta amekonda, nikikuta hata alama moja mkononi, namchukua. Koti lake nilikuwa nalo. Nitakwambia ukweli, nilitaka nimkute hivyo.

Alikuwa ameketi dirishani anakula keki. Nywele zimechanwa. Amenenepa kidogo usoni. Yule kijana wa mikono mikubwa alikuwa anamkunjia taulo, naye anamsahihisha, "Si hivyo, pindo ndani," kama alivyokuwa akinisahihisha mimi miaka arobaini na nane. Wanacheka. Nilisimama mlangoni na koti mkononi nikaelewa kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Miaka yote hii nilisema naogopa atateseka bila mimi. Si kweli. Nilikuwa naogopa kwamba hatateseka. Nilikuwa naogopa siku ya kukuta yuko salama na mimi sipo. Na ndiyo hiyo, imefika, yuko salama.

Aliponiona alinitazama kwa muda mrefu. Sikumwambia mimi ni nani, nimeshachoka kujitambulisha. Akamgeukia yule kijana akamwambia, kwa ile sauti yake ya zamani ya kupokea wageni, "Huyu baba amechoka. Mwenye moyo ampe mahali akae."

Wakanisogezea kiti kando yake. Akalichukua lile koti mikononi mwangu akanifunika miguuni, akaendelea na keki yake. Nimelala pale, dada. Nimelala mchana kutwa, mpaka wakaja kugawa chakula cha jioni.

Mdogo wako,
Verlyn